Jiko la mkaa chumbani, soda ya Kyejo na ule mshale wa pande mbili

Poleni na baridi nyie mlioko huku kwetu, na wale wa Dar endeleeni tu kujipepea.

Leo siasa naziweka pembeni. Kuna mada moja ya kemia inayowasumbua sana madogo ninaowafundisha tuisheni hapa Tukuyu, na ukiiangalia vizuri inavuka mpaka wa pepa ikaingia hadi chumbani kwako. Ni ule mshale wa pande mbili, huu hapa: ⇌. Darasani tunaambiwa ikwilibriamu, kwa Kiswahili msawazo wa kikemia.

Wengi wanakremu sentensi moja tu, ile ya Mfaransa Le Chatelier ya mwaka 1884: ukibadili hali ya mmenyuko ulio kwenye msawazo, mmenyuko utasogea kuelekea upande unaopunguza badiliko lako. Wanaiandika kwenye mtihani, wanapata maksi zao, imekwisha hiyo. Halafu Juni inafika, shule zimefungwa, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Ndani ya lile jiko kuna mshale wa pande mbili. Ndani ya damu yao kuna mwingine. Na habari za watu kukutwa wamefariki asubuhi, jiko likiwa katikati ya chumba, tumeshazisoma mara nyingi mno huku nyanda za juu.

Kwa hiyo wewe uliyelipia nusu saa hapo kafe, hebu iache Facebook dakika kumi twende pamoja.

Tuanze na stendi. Chukulia kuna Coaster 60 zinazopiga ruti ya Tukuyu na Mbeya tu, hakuna mpya inayoongezwa wala inayotolewa. Kila ukipita stendi ya Tukuyu unahesabu magari 20, na mwenzako aliyeko Mbeya anahesabu 40. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. (Yale yaliyoko njiani tuyasahau kidogo, tusije tukaanza kuhesabu mpaka ya Kiwira.) Mtu asiyejua atasema leo magari yamegoma. Kumbe yanatoka sana tu, ila kila moja linapotoka, jingine linaingia. Safari za kwenda zimelingana na safari za kurudi. Idadi imetulia, magari hayajatulia.

Huo ndio msawazo. Kwenye chupa iliyofungwa yenye gesi, molekuli zinamenyuka kwenda kulia na nyingine zinarudi kushoto, muda wote, kwa kasi ile ile. Wewe ukiangalia kutoka nje unaona hakuna kinachotokea.

Sasa tajiri mmoja akaongeza Coaster 12 upande wa Mbeya. Foleni Mbeya imekuwa kubwa, kwa hiyo zinazoondoka kwa saa zinaongezeka, Tukuyu inaanza kujaa, na Tukuyu ikijaa nayo inaanza kutoa magari mengi zaidi. Mwisho wa yote utakuta Tukuyu 24, Mbeya 48. Uwiano ni ule ule wa moja kwa mbili, na huo uwiano ndiyo K mnayoiona kwenye madesa. Angalieni lakini: kati ya magari 12 mapya, manne tu ndiyo yamehamia Tukuyu. Manane yamebaki pale pale yalipowekwa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani mmenyuko unalifuta badiliko lote. Haulifuti, unalipunguza tu. Hilo neno "kupunguza" kwenye sentensi ya Le Chatelier lina uzito wake, tutalikuta tena tukifika kwenye damu.

Haya, tutoke stendi twende Ikama.

Ikama ipo upande wa Busokelo, chini ya mlima Kyejo, na Kyejo ni volkano. Hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi (CO2), inatoka ardhini pale bila mtu kuwasha kitu. Kampuni ya TOL Gases imekuwa ikiikusanya kwa miaka mingi, inasafishwa, inagandamizwa mpaka inakuwa kimiminika, inapakiwa kwenye matanki na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji. Kwa hiyo kuna uwezekano kwamba soda uliyokunywa Kariakoo ilibeuliwa kwanza na Rungwe, samahani kwa lugha.

Kwenye chupa ya soda mambo yako hivi:

CO2 (gesi) ⇌ CO2 (iliyoyeyuka)

Gesi iliyo pale shingoni inaingia kwenye maji, na iliyoyeyuka inatoka. Soda iliyofungwa ikiwa na joto la chumbani, presha ya ndani (kwa Kiswahili cha vitabu kanieneo) inafika mara tatu au nne ya presha ya hewa ya nje. Ukifungua kizibo, tsss, presha imeondoka. Mmenyuko unajaribu kuirudisha, gesi inatoka kwenye maji kwa fujo, hilo ndilo povu. Kwa kuwa chupa iko wazi, gesi inayotoka inapotea, mshale hauna cha kurudisha, na baada ya muda unabaki na maji ya sukari.

Joto nalo lina sehemu yake. Hewa ukaa ikiyeyuka kwenye maji inatoa joto kidogo. Ukiipasha soda moto unaisukuma kinyume, gesi inatoka. Ndiyo maana soda iliyokaa kwenye dashibodi ya gari juani inakurukia usoni na ya kwenye friji ina adabu. Tena Tukuyu tuko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na presha ya hewa yetu ni pungufu kuliko ya Dar kwa karibu moja ya sita. Soda ile ile ikifunguliwa hapa inapoteza gesi zaidi kidogo. Hilo huwezi kuliona kwa macho, ila lipo.

Neno moja kabla hatujaondoka Ikama. CO2 ni nzito kuliko hewa, inakaa kwenye vibonde na mashimo. Mahali inapotoka ardhini kwa wingi, ukiinama kwenye shimo unaweza usiinuke, kwa sababu oksijeni imesukumwa nje. Lakini hiyo ni CO2, yenye O mbili. Ile ya jiko tunayoiendea ni CO, kaboni monoksaidi, yenye O moja. Watu wanazichanganya kila siku, wakati moja inakunyima hewa na nyingine inaingia mpaka kwenye damu na kukaa.

Mfano wa amonia nautaja haraka kwa sababu necta wanaupenda kuliko wanavyotupenda sisi:

N2 + 3H2 ⇌ 2NH3

Kushoto kuna molekuli nne za gesi, kulia mbili. Ukiongeza presha, mmenyuko unakimbilia kwenye molekuli chache, yaani amonia. Na kwa kuwa kutengeneza amonia kunatoa joto, ukipunguza joto nako unapata amonia zaidi. Ukiwa na presha mara 200 ya hewa ya kawaida na nyuzi 300, msawazo unakupa karibu asilimia 63 ya amonia. Pandisha joto mpaka nyuzi 500, inashuka mpaka karibu asilimia 18.

Dogo mmoja akaniuliza, sasa kwa nini wenye viwanda wasipoze mpaka iwe baridi kama Uporoto wapate amonia tupu? Swali zuri sana. Wakifanya hivyo watasubiri mpaka wajukuu wazeeke. Naitrojeni imejifunga yenyewe kwa yenyewe mara tatu, bila joto haiachii. Kwa hiyo wanakubali hasara: wanapasha nyuzi 400 mpaka 500, wanaweka kichocheo cha chuma, wanaondoa amonia kila inapotokea, na gesi iliyobaki wanairudisha ipite tena. Le Chatelier mwenyewe aliijaribu mwaka 1901, mtambo ukamlipukia, akaacha. Mjerumani Fritz Haber akafanikiwa maabara mwaka 1909, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wa BASF wakafungua kiwanda Oppau. Urea unayoweka kwenye mahindi na viazi kule Isongole imeanzia kwenye mshale huo, amonia ikakutanishwa na hewa ukaa. Haidrojeni yake kwa kawaida inatoka kwenye gesi asilia, ndiyo maana gesi ikipanda bei duniani mkulima wa Rungwe anaumia. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita laki moja mpaka serikali ikaleta ruzuku.

Kitu kimoja naomba mkibebe kutoka hapo. Msawazo unakwambia mmenyuko unaelekea wapi. Hausemi utafika saa ngapi. Kichocheo nacho kinaharakisha kwenda na kurudi sawasawa, K haikiguswi. Kati ya vyote mnavyokremu, ni joto peke yake linaloibadili K yenyewe. Presha na kiasi vinasogeza magari tu, uwiano wa barabara unabaki ule ule.

Sasa tuingie jikoni.

Chukua jiko la kawaida la mkaa, limejazwa, limeshika, jekundu kabisa. Hewa inaingia kwa chini kwenye kile kidirisha. Oksijeni inakutana na mkaa wa chini na kutengeneza CO2 na joto kali. Wengi wanaishia hapo. Lakini ile CO2 ina safari, lazima ipande kupitia mkaa wa juu ambao nao ni mwekundu. Na mkaa mwekundu na CO2 havipishani kimya kimya:

C + CO2 ⇌ 2CO

Mmenyuko huu kwenda kulia unakula joto, na siyo kidogo, kilojuli 172 kwa kila moli. Kwa hiyo ukiongeza joto unakwenda kulia. Kwenye presha ya kawaida, nyuzi 450 karibu gesi yote ni CO2. Ukifika nyuzi 700 zaidi kidogo ya nusu imeshakuwa CO. Ukifika 1,000 karibu yote ni CO. Tena kushoto kuna molekuli moja ya gesi (mkaa ni kigumu, hauhesabiwi) na kulia mbili, kwa hiyo presha ndogo nayo inaipendelea CO. Ndani ya jiko hewa ina naitrojeni nyingi, hivyo sehemu ya presha inayobebwa na CO2 na CO ni ndogo, na jambo hilo linausukuma mmenyuko kulia zaidi. Jiko halisi halifiki msawazo kamili, gesi inapita haraka, ila mwelekeo ni huo.

Mmeshaiona hiyo CO kwa macho yenu bila kujua. Ule mwali wa bluu unaocheza juu ya mkaa ulioshika vizuri ni CO inayokutana na hewa ya juu na kuungua kuwa CO2. Ukiuona, angalau sehemu yake inaungua. Ukiweka sufuria kubwa ikaziba, au ukaufunika mkaa kwa majivu ili ukae mpaka asubuhi, mwali unazimika na CO inatoka jinsi ilivyo.

Na hapa kuna desturi yetu inayotuponza. Mama zetu wanawasha jiko nje mpaka moshi uishe, ndipo linaingizwa ndani. Kwa moshi ni sawa, macho hayawashi. Lakini moshi na CO ni vitu viwili. CO haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Moshi unaisha mkaa ukishashika kote, na mkaa ulioshika kote ndio ulio mwekundu, na kwenye wekundu ule mshale unaelekea kulia. Moshi umeisha, CO ndiyo kwanza iko kazini.

Kabla hatujalaumu CO kwa kila kitu, tuipe haki yake. Zamani kabla ya majembe ya dukani, Wanyakyusa walikuwa wanapata majembe ya chuma kutoka kwa Wakinga, majirani zetu wa milima ya Livingstone, waliokuwa wakiyeyusha chuma kwa mkaa. Mkaa ule haukuleta joto peke yake. CO yake ndiyo iliyokuwa inayanyang'anya mawe oksijeni:

FeO + CO ⇌ Fe + CO2

Hesabu gesi: moja kushoto, moja kulia. Presha hapa haina sauti, ukiongeza au ukipunguza hakuna kinachosogea. (Swali hilo liwekeeni nyota.) Na huko Uingereza karne ya 19 wenye matanuru ya chuma waliona CO nyingi inatoka juu bila kutumika, wakadhani gesi haipati muda wa kutosha ndani. Wakajenga matanuru marefu zaidi, mengine karibu mita 30. CO ikaendelea kutoka vile vile. Le Chatelier aliutumia mkasa huo kuonyesha kwamba kama wangeujua msawazo wasingetupa pesa zao. Mmenyuko ulikuwa umeshafika mwisho wake, hata ungeupa tanuru refu kama mlima Rungwe.

Turudi chumbani. Dogo mjanja atasema: mwalimu, wewe umesema joto likishuka mmenyuko unarudi kushoto. Basi CO ikitoka jikoni ikapoa mpaka nyuzi 15 za chumba, si itarudi kuwa CO2 na masizi, tulale salama?

Kwa hesabu ya msawazo yuko sahihi kabisa. Kwenye nyuzi 15 CO haitakiwi kuwepo. Lakini kumbukeni naitrojeni: msawazo hausemi saa ngapi. Kwenye joto la chumbani mmenyuko wa kurudi ni wa polepole kiasi kwamba ni kama haupo. Hata oksijeni iliyomo chumbani haiigusi CO bila moto. Gesi imetengenezwa kwenye nyuzi 800, imetoka, imepoa, imeganda ilivyo, kama Coaster zilizofika Tukuyu halafu barabara ikakatwa na maporomoko. Inakusubiri uvute pumzi.

Ukiivuta, inakuta mshale wa pili. Damu yetu ina hemoglobini, ile nyekundu inayobeba oksijeni, na kazi yake yote imesimama kwenye mmenyuko unaorudi nyuma. Kwenye mapafu oksijeni ni nyingi, inashika. Kwenye misuli na ubongo oksijeni ni chache, inaachia. Kama ungekuwa mshale wa upande mmoja tungekufa dakika ile ile, maana ingebeba isishushe. Ikija CO inakuwa hivi:

Hb(O2)4 + 4CO ⇌ Hb(CO)4 + 4O2

Tatizo ni K. Hemoglobini inaipenda CO kuliko oksijeni kwa karibu mara 200 mpaka 250. Mskoti John Scott Haldane ndiye aliyeupima mmenyuko huu miaka ya 1890, alipokuwa anachunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe, na alijivutisha gesi hiyo mwenyewe maabara ili aone inavyompeleka. Hesabu yake ni fupi, hata simu ya tochi inaiweza. Gawanya CO ya hewani kwa oksijeni ya hewani, zidisha kwa 200, unapata uwiano wa hemoglobini iliyotekwa na ile iliyobaki na oksijeni.

Hewa ina oksijeni asilimia 21. Chukulia chumba kina CO asilimia 0.1 tu, yaani sehemu moja kwa elfu. 0.1 gawanya kwa 21, zidisha kwa 200, unapata 0.95. Karibu moja kwa moja. Maana yake ukikaa humo mpaka msawazo ufike, karibu nusu ya hemoglobini yako haifanyi kazi tena. Kwa sehemu moja kwa elfu! Na hiyo nusu iliyobaki inaishikilia oksijeni yake kwa nguvu zaidi, haiishushi vizuri kwenye ubongo. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliyelala hapati hata nafasi ya kushtuka, na aliye macho mara nyingi anadhani ni malaria inamwanza, anajifunika blanketi zaidi.

Halafu ona chumba kilichofungwa kinavyokushambulia kwa juu na kwa chini. Jiko linakula oksijeni, kwa hiyo ile 21 inashuka. Oksijeni ikishuka mkaa unaungua vibaya, CO inapanda. Kwenye hesabu ya Haldane namba ya juu imekua na namba ya chini imepungua, kwa mkupuo mmoja. Sisi wa Tukuyu tuna nyongeza yetu: oksijeni tuliyo nayo tayari ni pungufu kuliko ya Dar kwa ile moja ya sita. Kwa mjamzito ni mbaya zaidi, hemoglobini ya mtoto tumboni inaing'ang'ania CO kuliko ya mama yake.

Lakini mshale ni wa pande mbili, na hapo ndipo mtu anapookolewa. Huwezi kuibadili K, ila unaweza kuongeza oksijeni na kuondoa CO. Ukimtoa mtu nje akavuta hewa ya kawaida, nusu ya CO iliyo kwenye damu yake itatoka kwa saa nne mpaka tano hivi. Ukimpa oksijeni tupu kwa barakoa, ni saa moja mpaka moja na nusu. Akiwekwa kwenye chemba maalumu ya oksijeni yenye presha kubwa, mara mbili mpaka tatu ya kawaida, inashuka mpaka nusu saa hivi. Ni sentensi ile ile ya 1884, oksijeni imeongezwa upande wa kulia, mmenyuko umesukumwa kurudi kushoto. Na TOL wale wale wa Ikama, zamani jina lao kamili lilikuwa Tanzania Oxygen Limited. CO2 ya soda na oksijeni ya mitungi nyumba moja.

Kwa hiyo ukimkuta mtu amezimia kwenye chumba chenye jiko, usianze kumwagia maji humo humo. Vuta pumzi ukiwa nje, fungua mlango na madirisha, mtoe yeye kwanza kabla ya jiko, mweke penye hewa. Halafu haraka hospitali, Makandana au Igogwe au popote penye mtungi wa oksijeni, hata kama ameshaamka na anasema yuko fiti. Kumbuka saa nne mpaka tano ni za kutoa nusu tu. Nusu ya iliyobaki inahitaji nyingine kama hizo.

Maziwa ambayo watu wanakimbilia kumnywesha hayamo kwenye mlingano wowote hapo juu. Yanakwenda tumboni, CO iko kwenye damu, na aliyezimia ukimnywesha kitu unaweza kumpalia. Kuna wanaoweka beseni la maji karibu na jiko eti linanyonya gesi. CO2 ingeyeyuka kiasi, mmeona kwenye soda. CO haiyeyuki kwenye maji ila kidogo mno, beseni litakusaidia kunawa uso tu. Na dirisha la kuacha wazi "kidogo" kwa jiko linalowaka usiku kucha mimi siliamini, maana upepo ukigeuka huna wa kukuambia. Pasha chumba, kisha toa jiko nje kabla hujapanda kitandani. Baridi ya Tukuyu haijawahi kumshinda mtu mwenye blanketi mbili.

Jambo la mwisho ni kwa mtakaompeleka mgonjwa. Kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni kinaweza kuonyesha 98 wakati mtu anakufa, kwa sababu kinapima rangi, na hemoglobini iliyotekwa na CO inakidanganya, inaonekana nyekundu kama iliyobeba oksijeni. Kwa hiyo ukifika mapokezi, kabla ya jina na kadi ya bima, mwambie nesi: alikuwa chumbani na jiko la mkaa.

Mwenye swali la hesabu za K aweke kwenye maoni hapo chini, nitajibu nikipata mashine jioni.